Mnanaa wa paka unanioza kila masika hapa Moshi, nakosea wapi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Soweto, Moshi: "Kaka habari za kazi. Ndugu yangu alinipa mche wa mnanaa wa paka nikaupanda nje karibu na bomba, pamoja na mnanaa wa chai, maana niliona ni ndugu. Nikauwekea samadi ya kutosha. Ulikua fasta ukawa mrefu, ukalala chini, ilipofika Aprili shina likawa jeusi ukafa. Mwaka huu nimepata mwingine, wiki ya kwanza tu mapaka ya mtaani yamegaragara juu yake mpaka ukang'oka. Cha ajabu paka wangu mwenyewe wala haujali. Naomba unielekeze jinsi ya kuutunza, na je ni kweli unafukuza mbu? Chai yake inanyweka? Paka akila sana hadhuriki? Na nikiwa nayo mingi naweza kuuza?"

Salama kabisa dada, na pole na mche. Umeuliza mengi kwa mpigo na yote ya maana, kwaiyo vumilia jibu litakuwa refu kidogo.

Nianze na bomba, maana kifo cha mche wa kwanza kilianzia pale. Ni kweli hiyo mimea miwili ni ndugu, familia moja na rehani, kivumbasi na rosemari pia, ila undugu wao hauko kwenye maji. Mnanaa wa chai unatambaa chini, unapenda pale maji yanapomwagika kila siku, ukiupanda karibu na bomba utakushukuru. Mnanaa wa paka, ule Waingereza wanaouita catnip, kwao ni Ulaya na Asia huko, unajiotea pembeni ya barabara, kwenye mawe, kwenye kuta zilizobomoka, sehemu ambazo mvua ikinyesha maji yanapita yanaondoka zake. Mizizi yake inataka hewa. We umeupeleka kwenye tope alafu ukaongeza samadi nyingi juu, naitrojeni ikaupandisha haraka haraka, shina likawa refu laini halina nguvu, likalala kwenye udongo uliolowa, masika yakaingia, na hapo ukungu wa kuozesha shina haukuhitaji mwaliko. Kingine ambacho watu hawakijui, majani yaliyokuzwa kwa mbolea nyingi na maji mengi yanakuwa makubwa ya kijani mazuri kwa macho lakini harufu hafifu, na harufu ndio kitu chenyewe tunachoutafutia huu mmea.

Kabla sijaendelea, angalia una aina gani maana sokoni na kwa majirani jina linabeba mimea miwili. Wa kwanza ni Nepeta cataria, huu unaenda juu mpaka karibu mita moja, majani yana umbo la moyo, pembeni yana meno meno, yana vinyweleo na rangi ya kijani iliyofifia kama imepakwa majivu, maua meupe yenye vidoa vya zambarau. Huu ndio wa paka hasa, na ndio unaonyweka. Wa pili ni Nepeta × faassenii, mfupi, sm 30 mpaka 60 hivi, majani madogo ya kijivu, maua ya bluu ya zambarau mengi sana, huu ni wa urembo, watu wanaupanda pembeni ya njia au chini ya mawaridi na nyuki wanaupenda balaa. Paka wengine wanaujali, wengine wanaupita tu. Alafu huu wa pili ni chotara na hautoi mbegu zinazoota, unazalishwa kwa vipande au kwa kugawa shina, kwaiyo mtu akikuuzia pakiti ya mbegu kwa jina la faassenii jua ndani kuna kitu kingine. Kwa ulivyoelezea, mrefu mpaka ukalala, mi nakwenda na cataria, na ushauri wote unaofuata nauweka hapo, ingawa ule mfupi nao matunzo yake ni yale yale.

Sasa kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote. Huko kwao huu mmea unapumzika. Baridi inakuja, barafu inaua kila kilicho juu ya udongo, mizizi inalala miezi kadhaa, joto likirudi machipukizi mapya yanatoka chini, mafupi, magumu, yenye harufu kali. Huku kwetu hiyo baridi hamna. Julai ya Arusha tunavaa makoti na kulalamika lakini kwa mmea hiyo sio baridi ya kuulaza, na Moshi ndio kabisa. Kwaiyo ukiuacha unakua tu mwaka mzima bila breki, unazeeka, chini unakuwa mti mti mtupu, juu unakuwa na kichaka kizito cha majani, na kichaka hicho ndicho kinachobeba unyevu wa masika wiki baada ya wiki mpaka shina linaoza. Dawa yake ni mkasi. Wewe ndio inabidi uwe baridi ya huo mmea, yani uukate kwa nguvu na kwa wakati, na wakati muhimu kuliko wote ni mwisho wa Februari au siku za kwanza za Machi, kabla masika hayajashika. Unakata mashina yote yabaki sm 10 mpaka 15 kutoka chini, ukihakikisha umeacha vichipukizi vidogo pale chini vinavyoonekana. Najua moyo unauma, wengi nikiwaambia hivi wanaenda kupunguza ncha tu wakiogopa, alafu Aprili wananitumia picha ya shina jeusi. Kata. Mvua ikija inakuta mmea mfupi, hewa inapita, jua likitoka kidogo unakauka.

Ukishakata Machi usitupe chochote. Majani yanakaushwa, nitafika huko, na ncha laini ambazo hazina maua unazifanya vipande vya kuotesha, urefu sm 8 mpaka 10, unatoa majani ya chini unabakiza mawili au manne ya juu, unachomeka kwenye mchanga wa mto uliolowa kidogo kwenye kopo lililotobolewa, unaweka kwenye kivuli chenye mwanga barazani. Ndani ya wiki mbili tatu vinashika mizizi. Hivi ndio bima yako ya masika, maana hata kama mama yake ataoza huko nje wewe una watoto chini ya paa, Juni unawatoa nje maisha yanaendelea. Hata kwenye glasi ya maji dirishani vinatoa mizizi, ila vya mchangani vinahamishika vizuri zaidi.

Mahali pa kupanda. Tafuta sehemu inayopata jua masaa sita hivi. Kwa Arusha juu huku, Sakina, Ilboru, Ngaramtoni, jua la kutwa nzima halina shida. Moshi mjini mko chini, kama mita 800 au 900 tu hivi kutoka usawa wa bahari, na Januari Februari mnachemka, kwaiyo kwako wewe ukuta unaoangalia mashariki ni mzuri, upate jua la asubuhi mpaka saa saba saa nane alafu nyumba iukinge. Wale wa Kibosho, Uru na Machame wanaoniuliza kama wanaweza kuuweka kihambani chini ya migomba jibu ni hapana jamani, pale kuna kivuli, kuna matone yanadondoka mpaka saa tano asubuhi, kuna unyevu usioisha, kahawa inafurahi lakini huyu hapana. Wao waweke mbele ya nyumba kwenye uwanja, au pembeni ya masale, ile mimea ya mpakani, upande unaopata jua.

Kuhusu udongo fanya jaribio rahisi tu. Chimba shimo la sm 30, mwaga ndoo ya maji, kaendelee na shughuli zako, ukirudi baada ya saa moja ukakuta maji bado yamesimama hapo usipande chini, inua tuta la sm 20 mpaka 30 au tumia ndoo. Changanya udongo wa bustani nusu, robo mboji ya zamani iliyoiva kabisa, na robo changarawe, ile nyekundu ya volkano wanayomwaga barabarani ni nzuri sana na sisi tuliozungukwa na Meru na Kilimanjaro tunayo bure karibu kila kona, tunaiona uchafu tu. Ndoo iwe ya lita 10 kwenda juu, tundu za kutosha chini, na tafadhali usiweke sahani chini ya ndoo, ile sahani inarudisha lile lile tatizo la bomba. Mbolea baada ya hapo ni konzi ya mboji baada ya kukata, basi. Samadi mbichi usiusogezee.

Maji: mche mpya mwagilia kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili tatu za mwanzo, ukishashika unapunguza mpaka mara moja kwa wiki kipindi cha kiangazi, ila mwagilia kweli kweli maji yaende chini, sio kunyunyizia juu juu kila jioni. Mchana wa Januari utaona majani yamelegea, usikimbilie ndoo, subiri jioni uangalie, kama yamesimama yenyewe jua lilikuwa kali tu. Kama asubuhi bado yamelegea ndio anahitaji maji, au ana maji mengi kupita kiasi, weka kidole kwenye udongo kitakuambia ni lipi kati ya hayo.

Wakati wa kuanza upya kwa upande wetu ni masika yakishamalizika, mwisho wa Mei kuingia Juni. Kama unaanza na mbegu ziloweke usiku mmoja, ni ndogo sana kwaiyo changanya na mchanga mkavu ili zisirundikane, mwaga juu ya trei yenye udongo laini, funika kiduchu tu, milimita chache, kandamiza kwa kiganja, nyunyizia kwa chupa ya spreya. Zinaota wiki moja mpaka mbili kukiwa na joto la nyuzi 18 mpaka 21 hivi, na zikichelewa kidogo usizimwage. Adui hapa ni kinyausi, miche inasimama vizuri jioni, asubuhi imelala imekatika kiunoni, na hii inatokana na unyevu na kubanana, kwaiyo punguza miche, acha udongo wa juu ukauke kidogo kabla ya kumwagilia tena. Ikifika sm 10 au 12 inahamia bustanini, nafasi ya sm 45 mpaka 50 kati ya mche na mche. Ikifika kama sm 20 vunja ncha ya juu ili itoe matawi, hii ndio inazuia ule urefu wa kulala chini uliokusumbua. Mvua za vuli zitauongezea nguvu, ukimaliza maua unaukata nusu, unachipua tena, Januari na Februari unavuna vya kukausha hewa ikiwa kavu, Machi unanyoa.

Wadudu sitakaa sana hapo. Utitiri mwekundu unakuja kiangazi, hasa mmea ukiwa kwenye ndoo pembeni ya ukuta wenye joto, utaona majani yana vidoa vidoa na utando mwembamba chini, pulizia maji kwa nguvu upande wa chini wa jani asubuhi mfululizo siku kadhaa, inatosha mara nyingi. Inzi weupe na vidukari maji ya sabuni kidogo. Dawa kali za dukani sitaki uziweke kwenye mmea ambao paka analamba na wewe unachemshia chai.

Haya, mapaka ya mtaa. Kwanza ujue kwanini yalikuja wiki ile ile uliyopanda. Mafuta yenye harufu, kitu kinaitwa nepetalaktoni, yako kwenye vitezi vidogo juu ya majani, na yanatoka zaidi jani likichubuka. Unapohamisha mche unaushika, unaukunja, unauvunja vunja bila kujua, ukimaliza harufu imeenda mpaka kwa jirani wa tatu. Waingereza tangu zamani wana usemi wao kwamba ukipanda mche paka wataula, ukimwaga mbegu paka hawatajua, na ni kweli, mche uliootea hapo hapo kutoka mbegu bila kuguswa unapona mara nyingi. Kwa wewe mwenye mche wa kuhamisha, hamisha jioni, shika donge la udongo na sio majani, alafu siku hiyo hiyo zungushia wavu wa kuku. Tengeneza kama kapu lililogeuzwa, urefu sm 40 hivi, kingo zake uzizike au uzibane na mawe. Mmea utapenya kwenye matundu, paka atakula kilichotoka nje na atasugua uso wake kwenye wavu, lakini hawezi kulala juu ya shina. Ukishakuwa kichaka kikubwa unaweza kuutoa. Wengine wanachomeka vijiti vya mianzi vingi katikati ya mmea, inafanya kazi pia ila mi wavu naona ni wa uhakika. Njia nyingine ninayoipenda ni kupanda miwili, mmoja mzuri unauning'iniza barazani kwenye ndoo, mwingine unauacha nje kabisa mbali na mboga zako uwe wa kuchezewa na kila paka wa Soweto, wakishapata wao hawana haja ya kupanda barazani kwako.

Na huyu paka wako asiyejali wala hana ugonjwa. Uwezo wa kuitikia hii harufu unarithiwa, Neil Todd wa Marekani aliandika kuhusu hilo mwaka 1962, na majaribio ya baadaye yanaonyesha karibu theluthi mbili tu ya paka wakubwa ndio wanaoitikia. Wengine wananusa wanaondoka zao. Na kama wako ni mtoto, chini ya miezi mitatu mpaka sita, bado muda, subiri akue. Paka anayeitikia utamjua tu, anasugua mashavu, anatoa udenda, anabiringika, anarusha mateke, dakika 10 hivi, alafu anaamka anaenda kulala kana kwamba hakuna kilichotokea, na hata ukimletea jani jingine muda huo huo hana habari nalo mpaka yapite masaa. Sio paka wa nyumbani tu, simba nao wamejaribiwa kwenye bustani za wanyama huko Marekani wakaonekana wanaitikia sana, kwaiyo Ngorongoro tusiende nao tafadhali.

Kudhurika hadhuriki. Sio kilevi cha kumzoesha, hakuna paka anayekuwa teja wa mnanaa. Akila majani mengi sana kwa mara moja anaweza kutapika au kuharisha kidogo, unamnyima siku mbili tatu anakaa sawa. Kitu cha kuogopa ni mafuta yaliyokamuliwa ya kwenye vichupa, yale ya kunukia, hayo ni makali mno usimpake wala usimnyweshe. Jani lenyewe halina neno. Na paka wawili dume wasiopatana usiwape pamoja, wengine furaha ikizidi inageuka ugomvi.

Mbu. Hapa naomba unisikilize vizuri maana kuna biashara nyingi za maneno. Ni kweli kuna ukweli. Mwaka 2001 Chris Peterson na Joel Coats wa chuo cha Iowa State Marekani waliripoti kwamba maabarani nepetalaktoni ya moja ya kumi tu ya kiasi cha DEET, ile dawa ya kwenye losheni za mbu, ilitosha kufukuza mbu sawa nayo. Habari ikazunguka dunia nzima. Ila pale walikuwa wanapima mbu ndani ya bomba la kioo wanakimbilia upande gani, na kwenye ngozi ya mtu mambo ni mengine, haya mafuta yanapeperuka haraka, hayakai muda mrefu kama DEET. Mwaka 2021 watafiti wa Northwestern ya Marekani na Lund ya Sweden wakaeleza kinachofanyika, kwamba yanaamsha kwenye mdudu kipokezi kinaitwa TRPA1, kile cha kuhisi kitu kinachowasha, na kwa binadamu kipokezi hicho hicho hakiamki kwa mnanaa wa paka, ndio maana sisi tunasikia harufu tu. Mwaka huo huo Wajapani wa Iwate wakaonyesha, kwa kutumia mmea mwingine wenye kemikali inayofanana, kwamba paka aliyejisugua majani usoni anatuliwa na mbu wachache. Yani yale mabiringiko yana faida kumbe.

Lakini ndoo moja ya mnanaa dirishani haifukuzi mbu wa chumba kizima, mmea ukiwa umetulia unatoa harufu kidogo sana. Ukikaa barazani jioni unaweza kuvunja majani machache ukajisugua mikononi na miguuni, jaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi uone kama hauwashwi, utapata nafuu ya muda mfupi alafu unarudia. Usiku unalala ndani ya chandarua kama kawaida, mbu wa malaria mara nyingi anakuja wewe umeshalala na huwezi kuamka kujisugua majani.

Chai inanyweka, na Ulaya wameinywa miaka mingi. Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu kwa kikombe, au majani mabichi matano sita, unamwagia maji yaliyochemka, unafunika, dakika 10, unachuja. Kufunika ni lazima. Usiichemshe kwenye sufuria kwa muda mrefu kama tunavyopika chai ya maziwa, mafuta yote yataondoka na mvuke utabaki na uchungu. Ladha yake ni mnanaa mnanaa lakini na kaharufu ka nyasi, tangawizi na asali vinaisaidia sana. Watu wanainywa usiku kutuliza akili na tumbo lenye gesi, na inaleta usingizi kidogo kwaiyo usinywe alafu ukashika usukani kwenda Himo. Mjamzito asinywe kabisa, inaweza kuchochea mji wa mimba, na mwenye hedhi nzito aiache pia. Vichanga msiwape hata kama bibi anasema ni ya chango. Anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza aongee na daktari wake kwanza. Kwenye kachumbari wengine wanakatia majani machanga, mi nimeonja sijashawishika, mnanaa wa chai unaushinda mbali.

Kukausha: vuna asubuhi umande ukishakauka, mmea ukiwa unaanza maua, hapo mafuta ni mengi. Funga vishada vidogo, ning'iniza kichwa chini kwenye kivuli chenye upepo, stoo au jikoni la nje lisilo na moshi, kiangazi cha Moshi wiki moja inatosha. Juani hapana, jua linakula harufu. Na ning'iniza mahali paka hafiki, si unawajua. Yakikauka mpaka yanavunjika pukutua kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, kabatini gizani. Kwa paka unachukua soksi ya mtoto iliyobaki moja, unatia vijiko viwili vitatu, unafunga fundo, ukiona haijali tena unaifinya finya kidogo harufu inarudi.

Kuuza sasa. Usiweke matumaini makubwa ila kuna watu. Wengi wanaofuga paka huku kwetu wanamfuga kwa ajili ya panya na hawatatoa hela kumnunulia majani, tuseme ukweli. Wanunuzi ni wale wenye paka wa ndani, wageni wanaoishi Arusha na Moshi, wenye nyumba za wageni wanaopenda bustani za maua ya nyuki. Hao wanataka mche uliosimama vizuri kwenye kiroba kuliko majani makavu, kwaiyo vile vipande vya Machi ndio mtaji wako, na ule wa bluu mfupi utauzika kirahisi kuliko wa paka maana unapendeza hata kwa asiye na paka. Mtu akikuahidi kukuletea mbegu au vipande kutoka nje mwambie asifiche kwenye begi, inatakiwa kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, makao makuu yao yako hapa hapa Arusha, na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Na maua yakishakauka yakate kabla mbegu hazijadondoka, huko Amerika Kaskazini cataria imetoroka bustanini imekuwa magugu ya pembeni ya barabara, matawi yenye mbegu usiyatupe mtoni wala kwenye mfongo, yani mfereji wa maji, yakaenda kuota kwenye mahindi ya watu huko chini.

Kwa huo mche ulong'olewa, kama bado una kipande cha kijani hata cha vidole viwili, usiutupe. Kata sehemu iliyonyauka, chomeka kwenye mchanga leo hii, wavu wa kuku juu yake.